Mkuu wangu wa shule ni mwadilifu, lakini haoni anavyowaumiza watu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni makamu mkuu katika shule ya sekondari ya serikali, ya bweni, hapa Tanzania, katika mkoa ambao naomba nisiutaje. Ninaandika kuhusu mkuu wangu wa shule, mtu ninayemheshimu kwa dhati, na ninaomba univumilie kwa urefu wa barua, kwa kuwa jambo lenyewe lina pande ambazo nikiziacha, ushauri wako hautaweza kumtendea haki.

Nianze na sifa zake, kwa sababu ndizo zinazolifanya jambo hili kuwa gumu. Madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalipojengwa mwaka 2021, saruji na mabati yaliyobaki yalihesabiwa mbele ya kamati ya ujenzi na kuingizwa kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo. Fedha za uendeshaji zinapoingia, kiasi chake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla mtu yeyote hajauliza. Mzabuni wa chakula aliwahi kumpelekea mbuzi nyumbani wakati wa sikukuu, na mbuzi huyo akarudishwa kwa mwenyewe jioni ileile. Wakaguzi wakija hatuna cha kuficha, na mimi ninayesaini nyaraka nyingi pamoja naye nalala usingizi wangu bila wasiwasi, jambo ambalo si kila makamu mkuu nchini anaweza kulisema.

Tatizo ni namna anavyowasema watu. Mwalimu kijana aliyefundisha hesabu Kidato cha Pili alisomewa matokeo ya darasa lake katika kikao, na wenzake wote wakiwapo akaulizwa ni chuo gani kilichomtoa katika hali ile. Mwalimu mmoja aliyetoka likizo ya uzazi alichelewa asubuhi, akakaripiwa mstarini mbele ya wanafunzi ambao baada ya dakika chache alitakiwa aingie darasani kuwafundisha. Mpishi, mlinzi na mhasibu, kila mmoja ana lake la kusimulia. Mkuu hatukani matusi ya nguoni, na kwa ninavyoona hajafanya lolote la kumfikisha mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Lakini anajua mahali pa kumchoma mtu, na humchoma hadharani.

Matokeo yake ni kwamba shule imenyamaza. Kipengele cha mengineyo, ambacho zamani kilikuwa kinatuweka kikaoni hadi jua linazama, sasa kinapita bila mtu kunyoosha mkono, na mkuu huuchukua ukimya huo kuwa dalili ya utulivu. Muhula uliopita mwalimu wa zamu aligundua kwamba sehemu ya mahindi ya wanafunzi imeingia unyevu na kuanza kuota ukungu. Hakumwambia mkuu. Alimwambia mwenzake, mwenzake akaniambia mimi, na wakati huo gunia la kwanza lilikuwa limekwisha kupelekwa mashineni. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda moja kwa moja ofisini, alinijibu kwamba angeulizwa kwanza yeye alikuwa wapi mahindi yakiharibika. Ukungu wa mahindi unaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu huua. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii tena hisia za walimu peke yake.

Niliwahi kujaribu kuligusa jambo hili kwa mbali. Nilimwambia kwamba walimu wamepoa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema anayemwogopa ni mvivu au mwizi, kwa kuwa yeye hana deni na mtu. Naamini kwamba hapo ndipo penye mzizi. Mikono yake ni safi katika fedha, na usafi huo umemfanya aamini kwamba hesabu yake na watu imefungwa, hata asiweze kujiuliza jambo jingine lolote kuhusu nafsi yake. Wala hakuna wa kumuuliza, maana tathmini ya utendaji ya kila mmoja wetu katika mfumo wa PEPMIS inapita mikononi mwake, pamoja na ruhusa zetu na barua zetu za kuombea masomo.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila ninapofundisha Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalifikiria jambo hili. Masharti ya uongozi ya wakati ule yalihusu mali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miaka minne tu baadaye, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliona haja ya kumkataza kiongozi majivuno, ufahari, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa wakauchukua Mwongozo huo na kuwagomea mameneja waliowadhalilisha. Nadhani waliouandika walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtu anaweza kuyatimiza masharti yote ya mali na bado akawa mzigo kwa anaowaongoza. Mafunzo mengi ya maadili tunayopewa siku hizi yanaishia kwenye rushwa na mgongano wa maslahi, na mkuu wangu hutoka humo amethibitishiwa kwamba hana tatizo.

Sasa nieleze fundo lililonifanya nikuandikie. Mimi ndiye mwenye wajibu wa kusema, na mimi ndiye ninayefaa kidogo kuliko wote kusema. Mkuu amebakiza miaka miwili kufikia umri wa kustaafu kwa lazima, na jina langu limetajwa miongoni mwa wanaofikiriwa kupewa shule. Nikienda kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, itaonekana natafuta kiti. Nikimwambia mkuu mwenyewe ana kwa ana, ni mtu aliyenipokea nikiwa mwalimu mgeni, akanionyesha namna ya kuandaa andalio la somo, na hadi leo ananiita kijana wangu. Baadhi ya wenzangu wananishauri ningoje astaafu. Siukubali ushauri huo, kwa sababu miaka miwili ni mingi kwa mwalimu anayeanza kazi, na kwa sababu naona ni ukatili kumwacha mtu mwema aondoke na sherehe ya kuagwa iliyojaa watu waliofurahi kwamba anaondoka, bila yeye kujua.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Walimu huja ofisini kwangu kumlalamikia, nami huwasikiliza, na huniambia kwamba mimi ninawaelewa. Maneno hayo ni matamu kuyasikia. Nimeanza kujiuliza kama ninataka kweli mkuu abadilike, au kama kuna sehemu ya nafsi yangu inayonufaika na ukali wake, kwa kuwa kando yake mimi naonekana mpole. Jibu la uhakika sina, na ninaogopa kwenda kumwambia mtu ajitazame wakati nia yangu mwenyewe sijaipima hadi mwisho.

Ninachoomba unisaidie ni haya. Je, nimwendee mwenyewe faraghani, na kama ni hivyo, nianze na kisa cha mahindi, ambacho kinahusu usalama wa wanafunzi, au niseme wazi kuhusu heshima ya walimu? Au nimwombe mjumbe mzee wa bodi ya shule, ambaye ni rika lake na hana cha kupata wala kupoteza, aseme naye kwanza? Je, niwakatalie walimu wanaokuja kwangu, hata kama mlango wangu ndio pekee uliobaki wazi? Na mimi nikipewa shule kesho, nifanye nini tangu wiki ya kwanza ili walio chini yangu waweze kuniambia ninachokosea, wakati tathmini zao nitakuwa ninazishika mimi?

Wako katika kazi,
Makamu Mkuu wa Shule