Kumwokoa simba kuanze kwenye zizi la mbuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaoshikilia kwamba simba wetu watanusurika tukijenga vituo zaidi vya kutunza wanyamapori waliojeruhiwa na watoto wao waliobaki yatima. Vituo hivyo sivipingi. Hata hivyo, mtoto wa simba aliyelelewa kwa chupa hamwogopi binadamu wala hakufundishwa na mamake kuwinda, na ndiyo maana wengi wao huzeekea nyuma ya waya.

Mimi ni mfugaji wa Kajiado. Mnamo Mei 2023, simba kumi waliuawa huku Amboseli kwa muda wa wiki moja, akiwemo Loonkiito, dume wa miaka 19 hivi aliyechomwa mkuki Olkelunyet, na wengine sita waliouawa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11. Hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata simba 2,589 pekee nchini kote.

Mkuki angalau una shabaha. Mfugaji aliyepoteza ndama akinyunyizia mzoga karbofurani, dawa ya wadudu ambayo mtengenezaji wake aliiondoa katika soko letu mwaka 2009, hufa simba, fisi, mbweha na tumbusi bila kubaguliwa. Niliwahi kumwokota tumbusi kando ya mzoga wa aina hiyo, shingo imelegea, kucha zimejikunja kama ngumi hata asiweze kusimama. Daktari wa mifugo alimdunga atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na kumpa maji, na siku ya tatu ndege huyo akanitapikia nyama iliyooza juu ya viatu. Sijawahi kufurahia uvundo kiasi kile. Alipona yeye tu. Wenzake tuliwateketeza.

Wasiolala maboma yetu huenda hawajui kwamba mara nyingi simba haruki ua. Ng'ombe wakishanusa harufu yake hutaharuki, wakavunja ua wa miiba kutoka ndani, naye akawakamata nje. Ua wa seng'enge uliokazwa kwenye nguzo imara huzuia hilo, na taa za kumetameta, ambazo Richard Turere wa Kitengela alizibuni akiwa na miaka 11, humfanya simba adhani kuna mtu anayezunguka na tochi.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mifugo, lakini jirani yangu ameambiwa mara mbili kwamba fomu yake haionekani, na sasa hataki tena kusikia neno uhifadhi. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayeamua usiku mmoja kama simba ataishi. Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu, watakapoketi kugawa fedha za wanyamapori, waanze na fungu la fidia na la seng'enge, ndipo wafikie vituo.

Mfugaji,
Kajiado