Mwindaji mgeni aanze na kalenda, bunduki baadaye

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako anayehamia jimbo la milimani Marekani na kutaka kuwinda kulungu au elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) huuliza kwanza anunue bunduki gani. Swali hilo lisubiri. Wageni wengi hukwamishwa na tarehe.

Elki huwindwa kuanzia Septemba, lakini maombi ya vibali hufungwa miezi mingi kabla: Wyoming, kwa asiye mkazi, mwanzoni mwa Februari, Colorado mwanzoni mwa Aprili. Vibali vingi hutolewa kwa bahati nasibu, na aliyekosa huko Colorado hupata pointi ya kumsogeza mbele mwaka unaofuata. New Mexico haina pointi kabisa, hivyo anayeomba leo ana nafasi sawa na aliyeomba miaka kumi. Kwa anayeanza, hapo ni pazuri.

Kisha ukazi. Colorado inataka uwe umeishi humo miezi sita mfululizo, Montana siku 180, Wyoming mwaka mzima. Kabla ya hapo wewe ni mgeni hata kama umenunua nyumba, na Colorado ada ya mgeni kwa elki inazidi ya mkazi zaidi ya mara kumi. Usidanganye. Karibu majimbo yote yana mkataba wa kutambuana adhabu, na ukifungiwa kuwinda katika jimbo moja, mengine nayo yanaweza kukufungia. Ndani ya Wyoming asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu bila kiongozi mwenye leseni au mkazi wa kumsindikiza. Wengi hulijua hilo wakati kibali kiko mfukoni.

Cheti cha mafunzo ya uwindaji cha jimbo ulikotoka kinatambuliwa kwingine, kwa hiyo usikitupe. Colorado humdai kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949. Mwenye viza ya muda ajue pia kwamba sheria ya shirikisho humkataza kuwa na bunduki, isipokuwa anapokidhi masharti ya msamaha, mojawapo likiwa leseni halali ya kuwinda.

Sasa mlima. Alfajiri hewa baridi hushuka bondeni. Jua likishaupasha mteremko, hewa hupanda. Kwa hiyo asubuhi na mapema mkaribie mnyama kutoka chini, na jua likikolea uwe juu yake. Beba kichupa cha unga laini, ukibonyeze kila dakika chache uone harufu yako inaelekea wapi. Elki akikunusa hasimami kukuangalia mara ya pili, na anaweza kuvuka bonde zima kabla ya kutulia. Kwa bunduki Colorado lazima uvae inchi za mraba 500 za rangi ya machungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni nyama. Dume la elki hufikia kilo 300 na zaidi, na ngozi yake nene hutunza joto kama blanketi. Mwindaji huondoa matumbo, akaenda kulala, kesho akakuta paja limeoza kuanzia ndani, pale mfupa unapokutana na nyonga, ilhali nje linaonekana salama. Chuna mara moja. Pasua paja hadi kwenye kiungo, ligawanye, utie kila kipande kwenye mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa, ukitundike kivulini. Mfuko wa plastiki hufungia joto na unyevu ndani. Kiungo cha kuthibitisha jinsia kibaki kimeshikamana na kipande cha nyama pale sheria inapodai. Na usivuke mpaka wa jimbo na kichwa kizima au uti wa mgongo kabla ya kusoma kanuni za uendako: ugonjwa wa ubongo wa kulungu, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, umefanya majimbo mengi yazuie viungo hivyo.

Naomba gazeti lako lichapishe kila Januari tarehe za mwisho za maombi ya majimbo hayo. Safu moja inatosha, na mgeni hatapoteza mwaka mzima.

Mwindaji, Colorado