Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuuze Wapi Nje ya Nchi?

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtasomewa na mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha mwaka mzima hapa Dodoma: biashara zetu za kifamilia zikivuka mpaka, ziende wapi?

Karibu kila familia iliyokuja kuomba ushauri ilikuwa imeshachagua. Mwenye mafuta ya alizeti anataka Muscat, mji mkuu wa Oman, shemeji yake yuko huko. Mwenye karanga anataka Lubumbashi kule Kongo, mdogo wake ana duka. Wapo wanaosema huko ni kufuata undugu, si biashara. Sikubaliani nao hata kidogo. Mfanyabiashara Alidina Visram alifika pwani yetu kutoka Kutch, India, mwaka 1863 akiwa kijana mdogo, na maduka yake yakaja kusambaa kwenye njia za misafara hadi Uganda, mengi yakishikwa na watu wa jamii yake aliowakabidhi mali kwa kuaminiana. Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walipofika Leicester, Uingereza, Belgrave Road ikawa mtaa wa sari na dhahabu. Anayeishi ugenini anajua nani hulipa deni, watu wanapenda ladha gani na forodha inadai karatasi zipi. Mgeni asiye na mwenyeji hujifunza hayo kwa hasara.

Muscat yenyewe ina wengi waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine walirudi Oman Sultan Qaboos aliposhika madaraka huko mwaka 1970. Kiswahili bado kinasemwa majumbani mwao. Kwa mwenye alizeti, huo ni mlango wa kweli.

Kwa wenzetu wa mvinyo wa zabibu, sivyo. Sheria za vileo Oman ni kali, na shemeji hawezi kuzilegeza. Wala undugu hauwezi kupitisha karanga zenye sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mkoa wetu, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu: upimaji utangulie simu ya ndugu.

Tena, jamaa zetu ni wateja wa kwanza tu. Duka linalowauzia Watanzania peke yao litadumaa.

Naomba mkutano uridhie mambo mawili: kamati iorodheshe wanachama wana watu wao miji ipi na wanafanya kazi gani, na sehemu ya ada ya mwaka ujao ilipie upimaji wa karanga kabla ya mzigo wowote kusafirishwa.