Sataranji za fasta, tatizo ni saa

Mhariri, salamu. Jumapili nilijisajili kwenye mashindano ya sataranji za fasta huku Temeke, kiingilio buku tano, tukaambiwa saa 3 asubuhi kumbe bana tumeanza saa 6 kasoro, eti saa za mchezo, zile za kuhesabu muda wa kila mchezaji, zipo 3 tu na wachezaji tuko 24, wengine tukatumia simu, na ya mpinzani wangu ikapigwa na mama yake katikati ya gemu! Waandaaji wanajitahidi sikatai, ila sheria zisomwe kabla. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, inasema blitzi, yaani hizi za fasta, ni dakika 10 kushuka chini kwa kila mchezaji, na mkono uliosogeza kete ndo huohuo unabonyeza saa. Jamaa anasogeza kwa kulia, kushoto kumekaa juu ya saa muda wote kama anailinda isiibiwe. Nikalalamika, mwamuzi akasema we cheza tu. Nikaachia malkia kwa hasira.

Halafu wapange mfumo wa Uswisi, ule kila mtu anacheza raundi zote na anapangwa na mwenye pointi karibu sawa naye, sio mtoano, mtu kapanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto acheze gemu moja arudi? Raundi 7 za dakika 3 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 2 kila anaposogeza kete zinaisha mchana mmoja. Saa ya kuazima hata mimi ninayo moja.