Yah: Malalamiko kuhusu ziara ya wanafunzi kwenye maji moto na mapango ya popo, Songwe

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Mbeya.

Agosti 2025

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na mlezi wa klabu ya mazingira katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Mwezi uliopita wazazi wa wanafunzi wa kidato cha tatu waliwalipa ninyi shilingi 45,000 kwa kila mtoto ili muwapeleke Songwe kuona maji moto na mapango. Wengi wa wazazi hao ni wakulima na mama ntilie, na fedha hiyo waliipata kwa kujinyima. Risiti zote ninazo.

Nianze na kipeperushi, maana ndicho kilichotufanya tulipe. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: “Pango la kihistoria la maji moto ndani ya hifadhi ya mlima.” Picha iliyojaa ukurasa wa mbele inaonyesha bwawa la samawati ndani ya pango, mwanga ukishuka kutoka kwenye tundu la juu. Hapo si Songwe. Hilo ni pango la Cave and Basin kwenye Mlima Sulphur, Banff, nchini Kanada. Wanafunzi wangu walilitambua kabla hata hatujapanda basi, kwa sababu tumelisoma darasani. Wenyeji asilia wa milima ile walilijua tangu zamani; mwaka 1883 wajenzi watatu wa reli wakalikuta, wakaanza kugombea umiliki wake, na mwaka 1885 serikali ikaamua kutenga eneo la kilomita za mraba 26 kuzunguka chemchemi zile. Hifadhi ya kwanza ya taifa ya Kanada ilianzia hapo. Mtoto mmoja aliniuliza, “Mwalimu, mbona wametuwekea ya wenzetu, yetu haina picha?” Naomba swali hilo mlijibu ninyi, kwa sababu mimi sikuwa na la kumwambia.

Songwe ina kila sababu ya kupigwa picha yake yenyewe. Tuko kwenye Bonde la Ufa, na ardhi yetu bado ina moto chini yake. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hupashwa joto huko chini, hupanda tena yakiwa yamebeba chokaa, na yakifika juu gesi ya kaboni huyatoka, chokaa ikabaki na kujijenga tabaka juu ya tabaka. Mwamba huohuo ndio uliotoboka yakawa mapango wanamoishi popo. Ni somo zima la Jiografia, si mbali na mjini, na mwanafunzi anaweza kulishika kwa mkono. Nilitaka walione hilo. Nililipia mtu wa kuwaeleza hilo.

Mtu mliyetupa hakujua hata maji yale yanapata wapi joto. Aliwaambia watoto kuwa ni jua la mchana linaloyachemsha. Nilipomsahihisha kwa upole, pembeni, alinijibu kwamba yeye kazi yake ni kuwatembeza wageni, si kufundisha. Sawa, lakini kipeperushi kinasema “mwongozaji mtaalamu”. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi hiyo awe na leseni. Nilimwomba anionyeshe yake, akasema ameiacha ofisini. Ninaomba mnitumie nakala.

Kilichofuata pale kwenye chemchemi ndicho kinachoniuma zaidi. Kuna macho ya maji ambayo joto lake linapita nyuzi 70, na pembeni yake kuna ganda jeupe la chokaa linaloonekana gumu kama sakafu, kumbe chini yake ni maji. Hakukuwa na kamba, hakukuwa na onyo, hakukuwa na mtu wa kuwaambia watoto wapite wapi. Mwongozaji alikuwa ameinama anachemsha mayai ya wageni wengine waliotukuta pale. Binti mmoja akakanyaga ganda hilo, likavunjika, mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Alivaa viatu vya shule na soksi ndefu. Soksi ilishika maji ya moto na kuendelea kumuunguza hata baada ya kuutoa mguu. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyemvua. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka.

Niliomba sanduku la huduma ya kwanza. Halikuwepo kwenye basi, halikuwepo kwa mwongozaji, halikuwepo popote. Kijana wenu akaja na dawa ya meno, anataka kumpaka. Nilimzuia. Tulimwagia mguu ule maji ya kunywa ya watoto wote, chupa baada ya chupa, kwa dakika zipatazo 20, kisha tukatafuta bodaboda ya kumkimbiza zahanati, kwa sababu dereva wenu alisema basi haliondoki mpaka ratiba iishe. Ratiba! Mtoto wa watu analia, dereva anaangalia saa. Gharama ya bodaboda, zahanati na dawa tulilipa sisi. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, ila kovu litabaki.

Nilitaka wote turudi nyumbani hapohapo. Kwa kuwa basi halikuwa tayari kuondoka, wenzake wakapelekwa mapangoni na mwongozaji huyohuyo, nami nikaambatana nao huku mwenzangu akiwa zahanati na yule binti. Mlangoni mwa pango alikusanya majani makavu, akayafunga kwenye fimbo, akayawasha na kuingia nayo ndani ili popo waruke, wageni wapige picha. Moshi ulijaa. Popo walitoka kwa mamia mchana kweupe, wengine wakijigonga kwenye kuta. Popo jike wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Akishtuliwa hivyo mtoto huanguka, na akianguka amekwisha. Hao ndio wanaokula wadudu wa mashamba yetu usiku kucha. Nilipiga kelele azime moto ule, akacheka, akasema wageni huwa wanapenda.

Tena watoto waliachwa washike kinyesi cha popo kwa mikono mitupu, bila barakoa wala maji ya kunawa. Sisemi popo wa Songwe wana ugonjwa. Nasema kampuni inayouza safari za mapangoni ina wajibu wa kujua kwamba pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, Kenya, lilihusishwa na wagonjwa wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi wanaoubeba popo, mwaka 1980 na 1987, na kwamba mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa ugonjwa huo baada ya kuingia pango la popo katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Kwetu Tanzania, Kagera imepata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa mwaka 2025. Mzazi akiniuliza mwanawe alishika nini mle ndani, nimjibuje?

Mwisho wa ziara mwongozaji alishika jiwe mojawapo lililoning'inia darini, lenye urefu wa kiganja, akalivunja kwa nyundo aliyokuja nayo mfukoni, akawagawia watoto vipande kama zawadi. Alikuja nayo! Maana yake ndiyo kawaida yake. Mawe ya aina ile kwa kawaida hukua kwa sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka. Lile huenda lilianza kuota kabla babu wa babu zetu hajazaliwa. Mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama akauliza, “Mnavunja ya nini?” Hakuna aliyemjibu. Niliwaambia wanafunzi waviache vipande vile palepale, wakaviacha.

Kule Banff, mliko­chukua picha yenu, mgeni haruhusiwi hata kutia mkono majini, kwa ajili ya konokono mdogo asiyepatikana kwingine kokote duniani ila kwenye chemchemi zile. Mlichukua sura ya pango lao mkaacha namna wanavyolitunza.

Madai yetu ni haya. Mrudishe gharama za matibabu ya binti huyo zote, pamoja na nusu ya nauli na kiingilio kwa kila mwanafunzi, kwa kuwa huduma mliyotangaza haikutolewa. Muwaandikie wazazi wa binti huyo barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na wewe mwenyewe. Kipeperushi kile kiondolewe mara moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa matangazo ya namna hiyo. Mwongozaji yule asipeleke tena kundi lolote mapangoni mpaka afundishwe na awe na leseni, na moto na nyundo vikome kabisa, kwake na kwa wenzake wote. Kila basi liwe na sanduku la huduma ya kwanza na ruhusa ya kuondoka mtu akiumia.

Nimeambatanisha nakala za risiti, kipeperushi, picha za mguu wa binti huyo na picha za jiwe lililovunjwa. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, barua hii itakwenda Tume ya Ushindani na kwa ofisi ya serikali inayosimamia leseni za utalii.

Wako,

Mwalimu, Mlezi wa Klabu ya Mazingira

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi