Mstahiki Meya, tupe usiku mmoja tukimbie

Kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam,

Shikamoo.

Mwaka 2006, huko San Francisco, Marekani, vijana walibuni mchezo wa kukimbizana usiku ambao uwanja wake ni mji mzima. Hauna kiingilio. Unapewa ramani na utepe wa kufunga mkononi, unapita kituo hadi kituo kwa miguu au usafiri wa umma tu, huku ukiwakwepa wanaokimbiza. Ukiguswa, unasalimisha utepe wako na wewe unageuka mkimbizaji. Sisi tuliokulia Ilala tuliposimuliwa tuliuelewa papo hapo. Ni kombolela iliyoongezewa mitaa.

Kombolela tuliicheza usiku wa mgao wa umeme. Mmoja anahesabu uso ukutani, sisi tumejibanza nyuma ya kanga zilizoanikwa. Wa mwisho akipenya, waliokamatwa wote wanakuwa huru. Mama zetu barazani walitutambua hata kwa kikohozi. Lakini toka mitaa mitatu tu kutoka kwenu, kimbia saa tatu usiku, uone. Hapo ama umeiba ama umeibiwa.

Mwaka jana tuliujaribu mchezo huu tukiwa 11, kati ya Gerezani na Mnazi Mmoja. Rafiki yangu alikata kona anacheka, utepe mwekundu mkononi, mimi nyuma yake. Mtu akapiga yowe: "Mwizi!" Viti vya plastiki vikaanguka, watu wakainuka. Nilipofika walishamkunja shati na mmoja ameshika tofali. Aliyemwokoa ni mama muuza mihogo ya kukaanga, aliyejitia katikati na mwiko wake mkononi: "Muulizeni kwanza kaiba nini!" Hakuna aliyekuwa na jibu. Rafiki yangu alirudi kwao na shati lililochanika, na mpaka leo hakimbii hata kuwahi daladala. Wapo katika jiji hili ambao hakuna aliyewaulizia swali hilo.

Ndiyo maana nakuandikia, Mstahiki. Fedha hatuombi. Tunaomba Jumamosi moja, saa mbili hadi saa tano usiku. Tuanzie Mnazi Mmoja, tupite Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, tuzunguke Sanamu la Askari, tumalizie Kivukoni kwenye upepo wa bahari. Vituo vya mwendokasi vya Kisutu na Posta ya Zamani viwe mahali ambapo mchezaji haguswi.

Tupatie kibali cha maandishi. Waagize wenyeviti wa serikali za mitaa watangaze wiki moja kabla, ili bodaboda, walinzi na mama lishe wajue utepe ule una maana gani. Na taa za barabarani ziwake njia nzima, maana dada zetu wengi Posta wanaijua ya mchana tu, nao wanataka kukimbia. Kariakoo imeruhusiwa kufanya biashara saa 24. Basi kijana asiye na cha kuuza wala cha kununua naye apate nafasi yake katika usiku huo.

Mama wa mihogo tumeshaongea naye. Amesema siku hiyo ataweka meza yake kona ileile. Tunasubiri tarehe kutoka kwako.

Wako mtiifu,
Kijana wa Ilala