Mwisho wa filamu haukuwa wenu kuutoa

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile makala ya Jumamosi kuhusu sinema za kutisha za Kiitaliano imenishinda. Mwandishi wako kaishika La casa dalle finestre che ridono ya Pupi Avati, ya mwaka 1976, ile ya nyumba yenye madirisha yanayocheka, na aya ya pili tu kesha kuanika siri yote. Aya ya pili!

Nilifanya kazi Ferrara, nikimlea bibi kizee mzaliwa wa Comacchio, kule kwenye delta ya mto Po na mikunga yao. Usiku mmoja tukaketi kuitazama. Stefano, fundi wa kukarabati michoro, anaitwa kijijini kufufua picha ya Mtakatifu Sebastiano kwenye ukuta wa kanisa, kazi ya Legnani, mchoraji aliyependa kuchora watu wakikata roho. Hakuna kufukuzana kwa magari. Ni jua, maji yaliyotuama, wanakijiji wanaojua na hawasemi, na sauti ya huyo mchoraji kwenye tepu. Bibi alinikamata mkono hadi kucha zikazama. Zimebaki kama dakika tano, mwanawe akaingia kuchukua funguo za gari, akatupa jicho kwenye runinga, akamtaja mwuaji, akaenda zake. Bibi alizima runinga, hakunisemesha hadi asubuhi, utadhani mimi ndiye niliyemzaa yule.

Halafu si kila sinema ya Kiitaliano yenye kisu ni ya yule mwongozaji Dario Argento, kama mwandishi wako anavyodhani. Na "giallo", jina la sinema hizi za mauaji ya fumbo, ni njano kwa sababu ya majalada ya vitabu vya upelelezi vya kampuni ya uchapishaji ya Mondadori, tangu 1929, si kwa sababu ya "rangi ya woga" kama alivyoandika. Woga gani?

Lakini nashangaa nini, nchi yenyewe tumelelewa na vibanda umiza, mtafsiri anamfunika stelingi kwa kelele: "Huyu mwacheni, anakufa sasa hivi!" Nimelipa nauli ya daladala na kiingilio ili nihadithiwe.

Mkishindwa kabisa kunyamaza, uchapeni mwisho kichwa chini miguu juu, kama majibu ya chemsha bongo, ukurasa wa matangazo ya vifo, herufi ndogo. Anayeutaka akunje shingo.

Msomaji wako,
Tanga